Vichwa vya Wafalme katika Sarafu

Likizo iliyopita bibi yangu alinionyesha kopo la sarafu za kale alizorithi hapa Bagamoyo. Nilitaka kuzisugua kwa ndimu, akanizuia, na kweli sarafu iliyosuguliwa hushuka thamani.

Kubwa kuliko zote ni reale ya Maria Theresa aliyetawala Austria. Wafanya biashara wa pembe walilipana kwayo. Amevaa ushungi wa mjane na kipambo cha lulu kichwani. Mwaka ulioandikwa ni 1780, ndio aliofariki. Lakini reale iliendelea kupigwa chapa kwa sura ile ile na mwaka ule ule, maana watu walikwisha izoea.

Seyyid Barghash wa Unguja, aliyetawala pwani yetu, hakuweka uso wake. Pesa yake ya shaba ya 1882 ina jina lake kwa Kiarabu, na upande wa pili mizani. Mchuuzi wa sokoni aliielewa bila ya mkalimani.

Iliyonishangaza ni rupia ya Kijerumani ya 1890. Kaiser Wilhelm wa Pili hakuvaa taji, bali chapeo ya askari, na juu yake amesimama tai. Upande wa pili yuko simba na mti wa jamii ya mnazi, pamoja na jina la kampuni ya Wajerumani. Bushiri bin Salim alikuwa amenyongwa Pangani Desemba 1889. Basi walioshindwa vitani walipewa sanamu ya mpiganaji, na baadaye wakadaiwa kodi kwa sanamu hiyo hiyo.

Bibi asema bibi yake, alipohesabu rupia, alizilaza zote simba juu.