Utando Unaopanga Safu

Maji ya Ziwa Nakuru yalianza kupanda karibu mwaka 2010 yakazimua magadi yake. Tangu hapo makundi makubwa ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, yamehamia Bogoria na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, na safari hizo aghalabu huwa za usiku. Kila pigo la bawa hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli.

ATP hiyo hutengenezwa kwenye mitokondria na kimeng'enya kilichopachikwa katika utando wa ndani. Paul Boyer na John Walker, waliofichua jinsi kinavyofanya kazi, walishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Mimi huvutiwa zaidi na mpangilio wake. Vimeng'enya hivi hukaa viwili viwili, vimeinamiana kama herufi V, na jozi hizo husimama kwa safu ndefu kwenye kingo za mikunjo ya utando. Nani huzipanga?

Utando ni tabaka mbili za mafuta, unene wake nanomita chache tu. Hupindika, lakini kuupinda kunagharimu nishati. Jozi yenye umbo la V huulazimisha utando ulioizunguka upindike. Jozi mbili zikiwa mbalimbali, gharama hulipwa mara mbili. Zikisogeleana, mpindo mmoja huzitosha zote na gharama hushuka. Ndivyo wawili waliolala kwenye godoro la sponji lililochoka wanavyojikuta wamekutana katikati bila yeyote kumvuta mwenzake. Ila ndani ya seli uzito hauhusiki: nguvu yote hutoka katika ukaidi wa utando kupindwa.

Umbo lina umuhimu mkubwa hapa. Mwaka 1993 Goulian, Bruinsma na Pincus walikokotoa kwamba vitu vya umbo la koni, vinavyopinda utando sawasawa pande zote, husukumana kwa sababu ya mipindo yao. V hupinda utando upande mmoja zaidi kuliko mwingine, ndiyo maana huzaa safu.

Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Frankfurt walitoa jozi hizo katika mwani wa Polytomella, wakazipachika kwenye vifuko vya mafuta visivyo na protini nyingine. Zilijipanga zenyewe na kuupinda utando. Kinyume chake, katika kuvu wa Podospora anserina, uzee unapoingia jozi huachana na mikunjo hutoweka.

Mwalimu wa biolojia unayesoma haya, kuanzia Njoro hadi Marigat, usiuchore utando kama ukuta uliokaa kimya. Waambie wanafunzi kwamba utando wenyewe hupitisha nguvu kati ya vilivyopachikwa ndani yake.