'Promote': Kitenzi kimoja, maana nyingi

KITENZI 'promote' cha Kiingereza huwatatiza wanahabari na wafasiri wengi. Chanzo cha utata huo ni mazoea ya kukifasiri kwa neno moja tu, 'kuza', popote kinapojitokeza.

Asili ya kitenzi hicho ni Kilatini, ambako maana yake ni kusogeza mbele. Kutokana na dhana hiyo, kimepata angaa matumizi manne.

Kwanza, hutumika mtu anapopewa wadhifa wa juu zaidi. Kiswahili husema mfanyakazi amepandishwa cheo. Timu ya kandanda nayo hupandishwa daraja.

Pili, hutumika katika biashara na siasa. Kampuni haikuzi sabuni, bali huivumisha ili inunuliwe. Mwaniaji naye hupigiwa debe.

Tatu, huhusu kuwapa watu ari ya kutenda jambo. Hapa vitenzi mwafaka ni 'himiza' na 'hamasisha'. Wauguzi huwahimiza akina mama kunyonyesha, hawakuzi unyonyeshaji. Baadhi ya waandishi hutumia 'chochea', neno ambalo awali huhusu kusukuma kuni ndani ili moto uwake zaidi. Kuchochea uchumi ni sawa, lakini anayesoma kwamba vijana wamechochewa huwazia ghasia mara moja.

Nne, huhusu kukiwezesha kitu kustawi. Hapa ndipo 'kuza' na 'endeleza' hufaa, kwa mfano kukuza vipaji au kuendeleza utalii.

Kutofautisha maana hizi si suala la ufasaha pekee. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010, katika nakala ya Kiingereza, hutumia kitenzi hicho kueleza wajibu wa Serikali kuhusu maendeleo na matumizi ya lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Mfasiri akiandika kwamba Serikali 'itahimiza', msomaji ataelewa kuwa wito wa mdomo unatosha. Akiandika 'itakuza', msomaji atatarajia vitendo: walimu, vitabu na fedha.

Hivyo basi, kabla ya kuteua neno, mfasiri hana budi kujiuliza ni nani au ni nini kinachosogezwa mbele, na kwa njia gani. Jibu la swali hilo ndilo litakalomwelekeza kwenye kitenzi kifaacho.