Saratani ya Mlango wa Kizazi: Maendeleo Yanayopunguza Safari za Mgonjwa

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya papiloma, uvumbuzi uliompatia Mjerumani Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2008. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, mabadiliko huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, miaka 5 hadi 10. Muda huo ni fursa ya kuuzuia ugonjwa. Hata hivyo, wengi hufika hospitali ukiwa umekwisha kupita, kwa kuwa kila hatua ya kinga hudai safari: nauli, kazi iliyoachwa, mtoto wa kuachiwa jirani. Maendeleo yenye manufaa zaidi ya miaka ya karibuni ni yale yanayozipunguza safari hizo.

La kwanza ni chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ulionyesha kuwa hata dozi moja huamsha kinga inayodumu. Nchini Kenya, utafiti kwa wanawake vijana 2,275 ulibaini kuwa dozi moja ilizuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi sugu ya aina 16 na 18, zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi. Shirika la Afya Duniani liliridhia dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikaifuata mwaka 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wanaoishi na VVU bado huhitaji zaidi ya dozi moja.

La pili ni uchunguzi. Kupaka siki kwenye mlango wa kizazi ni njia nafuu yenye majibu ya papo hapo, lakini hutegemea jicho la mtoa huduma. Kipimo cha vinasaba vya virusi hugundua zaidi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Majibu yakichelewa, hata hivyo, mwenye tatizo huenda asirudi. Ndiyo maana kipimo hicho hufaa zaidi kikiambatana na tiba joto: kifaa kidogo, kinachoweza kutumia betri, huunguza seli zilizobadilika kwa dakika chache, bila mitungi ya gesi inayohitajika katika tiba mgando. Mwanamke anayefaa kwa tiba hiyo hupimwa na kutibiwa siku moja.

Kwa saratani iliyokwisha kuenea mahali ilipoanzia, tiba kuu ni mionzi pamoja na dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulihusisha wanawake 500. Waliotangulizwa dawa mbili za siku nyingi, karboplatini na paklitakseli, kwa wiki sita kabla ya mionzi, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 72 ya wenzao.

Tiba hiyo bado ni safari ndefu, nayo huepukika. Mwanamke aliyefikisha miaka 30, au 25 akiwa anaishi na VVU, asingoje dalili ndipo apimwe. Na anayetokwa damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi afike kituo cha afya bila kukawia.