Je, Wajua? Malaria Huweza Kushusha Sodiamu Katika Damu

Malaria kali mara nyingi huambatana na upungufu wa sodiamu katika damu. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Kikishuka mno ubongo huvimba, mgonjwa akachanganyikiwa, akashikwa na degedege au akazimia. Dalili hizo hufanana kabisa na za malaria ya ubongo, na hapo ndipo penye hatari kwa maeneo ya Burundi kama Gitega na Muyinga, ambako malaria imezoeleka: bila kipimo cha damu, tatizo la pili hujificha nyuma ya la kwanza.

Homoni ina sehemu yake. Vasopresini, itolewayo na tezi ya pituitari chini ya ubongo, huziamuru figo zibakize maji. Ikizidi, maji huizimua sodiamu. Mwaka 1957 William Schwartz na Frederic Bartter waliieleza hali hiyo kwa wagonjwa wawili wa saratani ya mapafu. Nimonia na kifua kikuu pia huisababisha. Kifua kikuu kina njia nyingine: huharibu tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na sodiamu ikapotea kwenye mkojo. Ugonjwa huo wa adrenali Thomas Addison aliueleza mwaka 1855.

Matibabu hufuata chanzo. Aliyeishiwa maji kwa kutapika huongezewa maji yenye chumvi. Mwenye vasopresini iliyozidi kwa kawaida hupunguziwa maji. Kupandisha sodiamu haraka mno huweza kuudhuru ubongo kabisa.