WINO WA BEI NAFUU KWA PICHA NYEUSI NA NYEUPE: USIINGIE MKENGE

Mnaochapa picha na kuuza mtandaoni, leo hii yenu.

Dada mmoja aliniletea picha ya marehemu bibi yake, nyeusi na nyeupe, niikuze. Nikachapa kwa wino mpya niliotoka nao Kariakoo. Dukani kwangu Mikocheni, chini ya taa, picha safi kabisa. Alipotoka nayo juani akarudi: "Kaka, mbona bibi amekuwa wa kijani?" Na mazishi ni kesho. Nikamrudishia hela, nikaenda kuchapa upya kwa mwenzangu.

Kwa nini inatokea? Epson L3250 ina wino wa rangi nne, L805 ina sita, na zote hazina wino wa kijivu. Kijivu kinapatikana kwa kuchanganya rangi. Wino wa kampuni nyingine ukitofautiana kidogo tu, kijivu kinavutwa kwenye kijani au pinki. Picha ya rangi inaficha kosa hilo, ya nyeusi na nyeupe haifichi. Zile picha za zamani za studio zilitokana na madini ya fedha kwenye karatasi, ndiyo maana hazikuwa na shida hii.

Sasa kabla hujatoa hela:

1. Uliza ni wino wa aina gani. Printa hizo mbili zinatumia wino unaoyeyuka, wenyewe wanauita "dai". Ukiweka wa pigmenti, wenye chembechembe, unaweza kuziba hedi. Hedi ikifa, faida yote imeondoka.

2. Muombe muuzaji akuchapie picha moja ya kijivu kwa wino huo huo. Toka nayo nje, iangalie juani. Taa ya dukani inadanganya.

3. Nunua seti nzima ya kampuni moja. Usichanganye mweusi wa huyu na njano ya yule.

4. Ukishajaza, usihukumu picha za mwanzo. Kwenye mipira bado kuna wino wa zamani.

5. Kata picha moja katikati. Nusu bandika dirishani penye jua, nusu weka kwenye droo. Baada ya wiki mbili linganisha. Ya dirishani ikipauka sana, usiuzie watu picha za kutundika ukutani.

Halafu tuelewane: wino wa kampuni nyingine wenye jina lake si feki. Feki ni ule uliotiwa kwenye chupa yenye nembo ya Epson wakati si wa Epson. Huo FCC wakiukuta dukani kwako ni kesi. Pia soma masharti ya waranti ya printa yako kabla ya kubadili wino.

Mimi siku hizi sichukui chupa kubwa kabla ya kujaribu ndogo. Picha ya marehemu mara nyingi ni moja tu iliyobaki, mteja amekuamini nayo.

Umewahi kupata kijani au pinki? Tuambie hapo chini ulifanyaje.