Uteuzi wa Lenzi ya Masafa Yote kwa Mpiga Picha wa Mtaani

Kazi ya mpiga picha wa mtaani hufuata siku za watu: harusi, ubatizo, mahafali na mazishi. Tukio likipita bila kunaswa halirudiwi, na hakuna mteja alipiaye picha isiyokuwepo. Kwa hivyo, swali la lenzi ipi inunuliwe si la anasa wala la mashindano ya vifaa, bali ni swali la riziki. Makala haya yanadhamiria kufafanua uteuzi wa lenzi ya masafa yote, yaani lenzi moja inayoweza kupiga picha pana na pia kuvuta vitu vya mbali, kwa kuzingatia mazingira ya mtaa wa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru.

Lenzi za aina hii si ngeni. Mnamo mwaka wa 1992, kampuni ya Tamron ya Japani ilitoa lenzi ya milimita 28 hadi 200 kwa kamera za filamu. Mwaka wa 2005, Nikon ilitangaza lenzi yake ya milimita 18 hadi 200 kwa kamera za dijitali, ikiwa na kizuia mtetemo ndani yake. Mwaka wa 2017, Tamron ikafikisha masafa hayo kwenye milimita 18 hadi 400. Milimita hizi hueleza upana wa kile kinachoonekana: zikiwa chache, picha huwa pana, zikiwa nyingi, kitu cha mbali husogezwa karibu.

Manufaa ya masafa hayo yanadhihirika katika siku moja tu ya kazi. Asubuhi, familia inataka kupigwa picha katika ua mwembamba ulio kati ya safu mbili za vyumba vya kupanga. Mpiga picha hana pa kurudi nyuma zaidi ya mita 3. Kwa milimita 18, kamera ya kawaida ya dijitali itachukua upana wa takribani mita 4, na jamaa wote wataingia. Mchana, familia iyo hiyo iko Njoro katika mahafali ya Chuo Kikuu cha Egerton, nayo imezuiwa mita 20 kutoka kwa mhitimu. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, yenye kikomo cha milimita 55, itamwonyesha mhitimu huyo akiwa takribani moja juu ya tano ya kimo cha picha ya wima. Kwa milimita 200, atakaribia kuijaza. Mteja wa leo ana simu yenye kamera mfukoni. Anachomlipia mpiga picha aghalabu ni kile ambacho simu hiyo haikukifikia.

Sababu ya pili ni vumbi. Jina la Nakuru lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na wakati wa kiangazi hakuna mkazi wa Rhonda atakayelipinga. Kila lenzi inapobanduliwa ili nyingine itiwe, kitambuzi cha nuru kilicho ndani ya kamera huachwa wazi. Chembe ikitua hapo, doa lake huonekana katika kila picha inayofuata, hasa penye anga. Mwenye lenzi moja hupunguza hatari hiyo, japo haimwishii kabisa, kwa kuwa mwili wa lenzi hizi hurefuka na kufupika unapovutwa, na huku ukivuta hewa pamoja na vumbi.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mtaka yote hukosa yote. Gharama kubwa ya lenzi ya masafa yote ni mwanga. Lenzi nyingi za aina hii, zinapovutwa hadi mwisho, tundu lake haliwezi kupanuka zaidi ya f/5.6 au f/6.3. Lenzi ndogo ya milimita 50 isiyovuta hufunguka hadi f/1.8, na hupitisha mwanga takribani mara 10 ya ule wa f/5.6. Ndani ya chumba cha mabati chenye balbu moja, tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya uso unaotambulika na ukungu. Aidha, Nakuru iko karibu na ikweta; jua likishatua, giza huingia upesi na kazi ya nje huisha.

Wauzaji hudai kwamba kizuia mtetemo hutatua tatizo hilo. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kifaa hicho hutuliza mkono wa mpiga picha, lakini hakimtulizi mtoto anayekimbia wala bibi harusi anayecheza. Isitoshe, lenzi inayofanya kazi nyingi haifanyi kila moja kwa ustadi: katika upana wa mwisho mistari iliyonyooka hupinda, na katika urefu wa mwisho ukali wa picha hupungua. Wala milimita 200 hazitoshi kumleta karibu heroe aliye katikati ya Ziwa Nakuru, ingawa mbuga yenyewe inapakana na mtaa.

Kwa anayenunua lenzi ya mtumba, uchunguzi ni wa lazima. Kwanza, ahakikishe kwamba inaoana na kamera yake. Kamera kama Nikon D40 ya mwaka wa 2006 haina mota ya kulenga, hivyo lenzi isiyo na mota yake italengwa kwa mkono tu. Pili, amulike ndani kwa kurunzi kutafuta kuvu na vumbi. Tatu, aielekeze chini aone kama inateleza na kurefuka yenyewe. Nne, apige picha ya ukingo wa paa la mabati ili aone unavyopinda.

Kabla ya hayo yote, kuna kipimo kisichogharimu chochote. Kamera ya dijitali huhifadhi milimita zilizotumika katika kila picha. Mpiga picha na afungue kazi zake za miezi michache na kuhesabu. Akiona kwamba nyingi zilipigwa ndani ya nyumba na kumbi, fedha zake zielekee kwenye lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni ya bei nafuu. Akiona kwamba nyingi zilipigwa nje, na kwamba mara kwa mara lenzi yake ilifika kikomo cha milimita 55, basi lenzi ya masafa yote itamfaa, na ile ndogo ya milimita 50 ifuate pindi akiba itakaporuhusu.