LOGI NA WATU WA DAR ES SALAAM

Logi ni jibu la swali moja tu: kumi ipewe kipeo gani ili tupate namba hii? Ukiandika 10² = 100, umekwisha sema kwamba log 100 = 2. Neno ni lile lile, ila kipeo kimehama mahali pake.

Basi tuutazame mkoa wetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2002 walipatikana watu 2,487,288. Mwaka 2012 wakawa 4,364,541. Aliyeona mashamba ya Mbagala na Bunju yakigeuka viwanja hatashangaa. Je, waliongezeka kiasi gani kila mwaka? Wengi huchukua ongezeko la 75.5 kwa mia wakaligawanya kwa 10, wakapata 7.5 na zaidi, kana kwamba waliokuja jana hawazai. Sivyo. Kizidishio cha mwaka tukiite r:

r¹⁰ = 1.755
10 log r = 0.2443
log r = 0.0244

Sasa turudi tulikotoka: r = 10⁰·⁰²⁴⁴ = 1.058, yaani 5.8 kwa mia.

Kwa mwendo huo watu wangekuwa maradufu lini? 1.058ⁿ = 2. Hapa kisichojulikana ni kipeo chenyewe, na bila logi mtu hubaki kubahatisha: n = 0.3010 ÷ 0.0244, miaka 12 na kitu. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuhesabiwa angekuta madarasa yanatakiwa mara mbili kabla hajaingia sekondari!

Lakini mwendo ulipungua. Mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Fanya mwenyewe, mwanafunzi; utapata r = 1.021, na miaka kama 33.